Mama Akifika Mlangoni: Hotuba Kuhusu Sheria za Kumkabidhi Mtoto Mchanga kwa Siri

Ndugu mwenyekiti, wakunga na wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, mawakili, askari na wazimamoto, habari za asubuhi.

Sheria nyingi huandikwa ili mawakili wazisome. Hii tuliyokuja kuizungumzia ina msomaji mwingine kabisa. Msomaji wake ni mwanamke aliyejifungua saa chache zilizopita, peke yake, pengine chooni, bila mkunga. Ameificha mimba miezi yote, au ameikana hata moyoni mwake mpaka uchungu ulipomshika. Damu bado inamtoka. Hana wa kumuuliza, na analojua ni moja tu: akigundulika, amekwisha. Basi kila kifungu tutakachokigusa leo tukipime kwa swali hili: mama huyu akikisikia, atakuja mlangoni au atageuza njia?

Msingi wa sheria zenyewe ni mwepisi kueleza. Mzazi anamleta mtoto asiyejeruhiwa, ndani ya siku zilizowekwa, mahali palipotajwa, anamweka mikononi mwa mhudumu, haulizwi jina, wala hashtakiwi kwa kosa la kutelekeza. Jimbo la kwanza nchini Marekani kupitisha sheria ya namna hii lilikuwa Texas, mwaka 1999, baada ya vichanga 13 kutupwa ndani ya miezi kumi katika eneo la Houston. Kufikia 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria zao, kila moja kwa maneno yake, na katika tofauti hizo za maneno ndimo yalimo mafunzo mengi.

Je, zinasaidia? Takwimu za taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, zilizotolewa mwaka 2020, zinalinganisha vipindi viwili. Kati ya 1989 na 1998 mauaji ya watoto siku waliyozaliwa yalikuwa 222.2 kwa kila miaka-watu 100,000 (mtu mmoja akiishi mwaka mmoja ni mwaka-mtu mmoja). Kati ya 2008 na 2017 yalikuwa 74.0, yaani yalipungua kwa theluthi mbili. Hatusemi sheria pekee ndiyo iliyoleta hayo, kwa kuwa katika miaka hiyo mengi yalibadilika, ikiwemo upatikanaji wa njia za uzazi wa mpango. Lakini takwimu hizohizo zina upande wa pili ambao wengi huuruka: hata baada ya kupungua, hatari ya kuuawa siku ya kuzaliwa ilibaki zaidi ya mara 5 ya hatari ya umri mwingine wowote wa maisha ya binadamu. Siku ya kwanza ndiyo siku yenyewe. Utaratibu unaohitaji miadi, fomu na saa za kazi umeshachelewa.

Tuanze na neno moja lililoiponza Nebraska. Sheria yake ilianza kutumika Julai 2008, na mahali pa kuandika umri iliandika tu "mtoto". Ndani ya miezi michache watu walileta hospitalini zaidi ya watoto 30, wengi wao wenye umri wa miaka kumi na zaidi, baadhi wakisafirishwa kutoka majimbo mengine. Baba mmoja aliwaacha ndugu tisa siku moja. Kichanga hakuwemo hata mmoja. Bunge likaitwa kwa kikao maalumu, na Novemba mwaka uleule umri ukawekwa kuwa siku 30. Tusiwacheke wazazi wale. Walikuwa wameshindwa na watoto wenye matatizo makubwa ya akili na tabia, na mlango huo ndio uliokuwa wazi peke yake. Ila sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtoto wa siku moja haiwezi kubeba mzigo huo, na asiyetaja umri anaukaribisha.

Umri upi basi? California ilianza mwaka 2001 na saa 72. New York na Illinois huhesabu siku 30, Texas siku 60, North Dakota mwaka mzima. Sisi tunapendekeza siku 30 zisipungue. Saa 72 zinamtaka mama aamue jambo zito kuliko yote akiwa bado kwenye mshtuko, hajalala, maziwa ndiyo kwanza yanaingia. Zaidi ya hayo, hakuna muuguzi anayeweza kumtazama mtoto akatofautisha siku ya tatu na ya tano. Kitovu hukauka na kuanguka kati ya wiki ya kwanza na ya pili, nacho ndicho kipimo kikuu kilichopo mlangoni. Kwa hiyo andikeni "kwa makadirio ya mhudumu", halafu ongezeni sentensi moja: mtoto anayeonekana kuzidi umri huo asirudishwe. Apokewe, kisha suala lake liendelee kwa njia ya kawaida ya ulinzi wa mtoto.

Sasa nendeni kwenye kifungu cha mashtaka, maana hapo ndipo mama hupotezwa kimyakimya. Kuna kinga, na kuna utetezi. Kinga maana yake polisi na mwendesha mashtaka hawana pa kuanzia. Tendo hilo si kosa. Utetezi maana yake anaweza kukamatwa, akafunguliwa kesi, kisha yeye mwenyewe athibitishe mahakamani kwamba alitimiza masharti. Sheria ya awali ya Texas ilichagua njia ya utetezi. Kwa wakili tofauti hiyo ni ya kitaalamu. Kwa mama ni tofauti ya kulala nyumbani na kulala mahabusu, na jina lake limeshatoka. Andikeni kinga.

Halafu fafanueni neno "asiyejeruhiwa". Mtoto aliyezaliwa chooni anaweza kuwa na mchubuko kichwani, uso uliovimba na wenye rangi ya samawati kwa kupita njia finyu, na kitovu kilichochanwa kwa mkono. Hizo ni alama za kuzaliwa bila msaada, hazina uhusiano na ukatili. Sheria isiposema hivyo waziwazi, mhudumu mwoga atamwita polisi kwa usalama wake mwenyewe, na habari hiyo itawafikia akina mama wengine kabla jua halijazama.

Mahali pa kukabidhi pawe na mtu saa 24. Hospitali yenye chumba cha dharura ndipo mahali pazuri zaidi, kwa sababu huwaona wagonjwa wawili, mtoto na mama. Kituo cha polisi kipo kwenye sheria nyingi, lakini mama huyu tunayemzungumzia huliogopa jengo hilo kuliko yote. Liwemo kwenye orodha, lisitegemewe. Vituo vya zimamoto vinafaa pale tu ambapo kuna zamu ya usiku. Kumwacha mtoto kizingitini mwa kituo kilichofungwa kunabaki kuwa kumtelekeza, na mabango yaseme hivyo. Wekeni pia namba ya simu ya dharura, ili asiyeweza kutembea afuatwe alipo. Na jambo dogo ambalo mipango mingi hulisahau: mtu wa kwanza kukutana na mama si daktari, ni mlinzi wa getini. Asipofundishwa, atauliza "Unakwenda kwa nani? Andika jina hapa", na sheria nzima itafia kwenye daftari lake.

Makabidhiano yenyewe yasizidi dakika chache. Mhudumu anampokea mtoto kwa mikono miwili na kusema maneno yaliyozoezwa: "Karibu. Umefanya vizuri kumleta. Huna haja ya kutaja jina." Hakuna kitambulisho, hakuna picha, hakuna kamera inayotazama mlango huo. Kisha anauliza mambo mawili tu, nayo ni ya hiari: mtoto amezaliwa lini, na je, kuna ugonjwa wowote wa kujua? Majimbo kadhaa ya Marekani hutumia bangili pacha zenye namba moja: moja mguuni kwa mtoto, nyingine anapewa mzazi. Bangili hiyo haimthibitishi kuwa mzazi wala haimpi haki yoyote, ila akibadili nia atajulikana ni mtoto yupi anayemzungumzia. Pamoja nayo anapewa bahasha yenye dodoso la afya analoweza kujaza nyumbani na kulituma bila jina, lenye maswali ya magonjwa ya ukoo, dawa alizotumia, pombe, na kama alihudhuria kliniki. Asilazimishwe kulijaza palepale. Akishikishwa kalamu ataondoka.

Kabla hajaondoka aambiwe habari za mwili wake, na hapa tunawaomba wauguzi wasikilize kwa makini. Mama huyu anaweza kufa kesho. Aulizwe kama kondo la nyuma limetoka. Likipita nusu saa bila kutoka ni dharura. Aambiwe kwamba pedi ikilowa damu chapachapa ndani ya saa moja, au akipata homa, au uchafu unaotoka ukiwa na harufu mbaya, au kichwa kikimuuma sana na macho kuona ukungu, arudi mara moja, na atatibiwa kwa namba ya mgonjwa badala ya jina. Kichwa na ukungu wa macho ni dalili za kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kuanza hata baada ya kujifungua. Matibabu haya yasifungwe kwenye sharti lolote. Kama amekuja na kondo kwenye mfuko, msilitupe kabla ya kulikagua: kipande kikikosekana kimebaki tumboni mwake.

Sasa mtoto. Adui wa kwanza ni baridi. Vueni nguo yoyote iliyolowa, mfuteni akauke, mvisheni kofia, awekwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mhudumu na kufunikwa, au kwenye kitanda chenye joto. Joto la mwili liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chupa ya maji ya moto kando ya ngozi yake huunguza, msiitumie. Msimwogeshe kabla ya saa 24, hata kama anaonekana mchafu. Kama hapumui vizuri, kazi ya kumpa hewa kwa kinyago na mfuko huanza kabla ya kazi nyingine yoyote.

Adui wa pili ni kitovu. Mtoto wa kilo 3 ana damu isiyofika robo lita, takriban mililita 80 kwa kila kilo. Mililita 30, ambazo kwenye khanga huonekana doa tu, ni zaidi ya sehemu ya kumi ya damu yake yote. Kitovu kilichochanwa kifungwe kwa uzi safi au kibanio, sentimita 2 hadi 3 kutoka tumboni, kisha kitazamwe tena baada ya dakika chache. Kwa kuwa haijulikani kilikatwa kwa nini wala kama mama alichanjwa, daktari aamue mapema kuhusu kinga ya pepopunda, ambayo kwa vichanga hujitokeza kuanzia siku ya tatu hivi.

Pimeni sukari, ikishuka chini ya 2.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ishughulikiwe mara moja. Lishe ya siku ya kwanza ni takriban mililita 60 kwa kila kilo kwa saa 24, hivyo mtoto wa kilo 3 atapata karibu mililita 22 kila baada ya saa tatu. Wengi humpa zaidi kwa huruma, naye hutapika. Vitamini K miligramu 1 kwa sindano, dawa ya macho, chanjo ya homa ya ini aina ya B ndani ya siku ya kwanza. Kuhusu virusi vya UKIMWI, kipimo cha haraka kwa mtoto huonyesha kinga zilizotoka kwa mama. Kikisema ndiyo, tunajua mama anaishi na virusi. Hatujajua kuhusu mtoto. Dawa za kinga zianze mapema iwezekanavyo, zisichelewe kuvuka saa 72, na kipimo cha virusi vyenyewe kifuate.

Tumekaa sana hapo kwa sababu mlango usio na matunzo nyuma yake ni hatari. London iliwahi kulijifunza hilo kwa gharama ya kutisha. Hospitali ya watoto waliotelekezwa, Foundling Hospital, iliyoanzishwa kwa hati ya mwaka 1739, iliagizwa na bunge mwaka 1756 kumpokea kila mtoto aletwaye. Hadi 1760 ilikuwa imepokea karibu watoto 15,000, na takriban theluthi mbili yao walifariki. Wanyonyeshaji hawakutosha, vitanda havikutosha, fedha zikaisha. Akina mama wale waliwaacha watoto pamoja na vipande vya kitambaa au alama ndogo, nusu kwa mtoto na nusu kwa mama, ili siku moja waweze kuwatambua. Bangili pacha za leo ni kitu kilekile.

Baada ya matibabu, ofisi ya ustawi wa jamii ipewe taarifa ndani ya saa 24. Polisi waangalie kama kuna mtoto aliyeripotiwa kuibwa au kupotea mwenye maelezo yanayofanana. Ukaguzi huo unamhusu mtoto, na sheria itamke kwamba hauwi msako wa mama. Mtoto aende moja kwa moja kwenye familia ya malezi ya kambo iliyo tayari kumwasili, ili akikua asihamishwe mikono mara tatu. Muda wa mzazi kubadili nia uandikwe kwa siku: California hutoa siku 14, Illinois siku 60. Sisi tunaona miezi miwili inatosha. Ni mirefu kiasi cha mama kupona na kufikiri, na si mirefu kiasi cha kumng'oa mtoto aliyekwisha kushikamana na walezi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na baadhi hurudi.

Baba ndiye fundo gumu zaidi. Pengine hajui kama mtoto yupo. Pengine ndiye aliyembaka mama. Mfumo unaotafuta kila baba kwa kutangaza gazetini huivunja siri, na mfumo usiomtazama kabisa huzaa kesi miaka miwili baadaye, mtoto akiwa ameshaasiliwa. Njia inayofanya kazi ni daftari la hiari, ambapo mwanamume anayedhani amepata mtoto hujiandikisha, na mahakama hulipekua kabla ya kufuta haki za wazazi. Mwenye kujiandikisha apimwe vinasaba. Asiyejiandikisha ndani ya muda amepoteza nafasi. Si kamilifu, lakini humlinda baba mwema bila kumfuata mama nyumbani.

Msisahau cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na wazazi wanaojulikana anaweza kukua bila uraia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 wa kupunguza hali ya kutokuwa na uraia unataka mtoto aliyeokotwa nchini ahesabiwe kuwa amezaliwa humo na wazazi wenye uraia wa nchi hiyo, isipothibitishwa vinginevyo. Ingizeni maneno hayo kwenye sheria yenu, na mtajeni msajili anayewajibika.

Kuhusu visanduku, yaani vile ambamo mzazi humweka mtoto bila kuonana na mhudumu. Ujerumani vilianza Hamburg mwaka 2000, Japani hospitali moja ya Kumamoto ikafuata 2007, na Marekani kisanduku cha kwanza cha ukutani kiliwekwa Woodburn, Indiana, mwaka 2016. Kisanduku kizuri kina kitanda chenye joto linalodhibitiwa, mlango wa nje unaojifunga mtoto akishawekwa, kengele inayolia kwa wahudumu mlango unapofunguliwa na nyingine mtoto anapolala, umeme wa akiba, na jaribio la kila wiki linaloandikwa. Kinachoharibika mara nyingi ni vitu vidogo: betri, waya wa kengele, mhudumu aliyezima sauti. Kinamfaa mama ambaye hataki kuonwa na mtu yeyote, na kwa huyo tunakikubali. Lakini kisanduku hakioni kwamba mama anavuja damu. Hakimwambii kwamba angeweza kusaidiwa kumlea. Na yeyote anaweza kukifungua, hata mtu aliyemnyang'anya mama mtoto wake. Kiwe cha mwisho kwenye mpango.

Tunachokipendelea ni kujifungua hospitalini kwa siri, kwa sababu mama na mtoto wote hupata mkunga kabla hatari haijaanza. Ufaransa mwanamke anaweza kuzaa bila kutajwa, na ana miezi miwili ya kubadili nia. Ila hapo tunakutana na mtu wa tatu, mtoto mwenyewe akishakuwa mtu mzima. Kitanda hakizai haramu, naye hakutenda kosa lolote la kumnyima asili yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 7, unampa haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, katika kesi ya Odièvre dhidi ya Ufaransa, kwamba siri ya mama haikuvunja mkataba wa Ulaya, ikizingatia kwamba Ufaransa ilikuwa imeunda chombo cha kumwomba mama ridhaa ya kujulikana. Mwaka 2012, dhidi ya Italia, mahakama hiyohiyo iliona siri isiyo na njia yoyote ya namna hiyo imepitiliza.

Korea Kusini inaonyesha jinsi sheria moja inavyoweza kuibana nyingine. Mwaka 2012 ililazimisha mtoto asajiliwe na mzazi kabla ya kuasiliwa, kwa nia njema ya kulinda asili yake. Idadi ya watoto walioachwa kwenye kisanduku cha kanisa moja mjini Seoul ikapanda. Ndiyo maana Julai 2024, hospitali zilipotakiwa kuripoti kila mtoto anayezaliwa moja kwa moja, uzazi wa siri ulianza kutumika siku hiyohiyo. Mkiweka usajili wa lazima, fungueni mlango wa pili sambamba nao.

Ujerumani ndiyo iliyopata mizani iliyo karibu na tunayoitaka. Tangu tarehe 1 Mei 2014 mama huonana na mshauri mmoja tu, anayemwonyesha kitambulisho. Kliniki, wodi na mahakama humjua kwa jina la kubuni alilolichagua mwenyewe. Mshauri huandika jina halisi, tarehe ya kuzaliwa na anwani, anaziba bahasha, juu yake anaandika jina la kubuni, tarehe na mahali alipozaliwa mtoto, na kuituma kwenye ofisi ya shirikisho inayoihifadhi. Gharama za kujifungua hulipwa na serikali. Mtoto akifikisha miaka 16 anaweza kuomba bahasha ifunguliwe, na mama anayehofia maisha au usalama wake anaweza kupinga, mahakama ya familia ikaamua. Mama anaweza pia kumwachia mtoto barua.